Habari za Kiu

Mume wangu Ludovick aliacha pombe wakati ambapo Arusha nzima ilikuwa inafungua baa. Ndivyo alivyo, watu wakishika kulia yeye anashika kushoto. Ruksa ya biashara ilikuwa imeshaingia, kila aliyepata mtaji kidogo ananunua viti vya plastiki na friji, anabandika jina mlangoni, na sisi wa Ngarenaro tulikuwa tunalala na muziki na kuamka na muziki. Zilikuja bia za makopo kutoka nje, zikaja pombe kali za vichupa vidogo ambavyo mtu anaweza kuviweka kwenye mfuko wa shati, na gongo yetu ya siku zote haikwenda popote, iliendelea kuuzwa uani kama kawaida. Katikati ya neema hiyo, mlevi wa daraja la kwanza kama Ludovick ananiambia ameacha. Nilicheka. Nilikuwa nimeshamsikia akiacha mara nyingi, mara nyingine kabla hata hajamaliza supu ya asubuhi.

Safari hiyo alikuwa na mtu. Mtu huyo ni Lesikar, Mwarusha wa huko magharibi ya mlima, mfugaji na mkulima wa mahindi, mrefu kiasi kwamba akiingia kwenye karakana yetu lazima ainame. Alikuwa amekunywa mpaka mkewe akarudi kwao na watoto, kisha akaacha, na mkewe akarejea. Siku hiyo alikuja kutengenezesha springi ya trela lake. Mume wangu ni fundi springi, lakini asubuhi ile mikono ilikuwa inatetemeka hata nyundo haishikiki. Lesikar alimtazama, akakaa kwenye tairi, akasema, "Mimi leo kiu imenishika tangu nilipoamka. Wewe yako ikoje?"

Ludovick aliniambia baadaye kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo. Watu walikuwa wanamwuliza kama ana akili timamu. Na mimi nilikuwa namwuliza hivyo hivyo, tena kwa sauti ya kusikika mpaka Levolosi.

Ndivyo kilivyoanza kile kikundi. Jumamosi mchana kazi zikiisha, walevi wastaafu walikuwa wanakuja karakanani, wanakaa kwenye matairi na mabenchi, wanakunywa chai yangu na kuongea. Mwanzoni walikuwa watu wazima tu. Halafu akina mama wakaanza kuleta watoto wao. Huyu ameshikwa na mirungi, huyu bangi, huyu ananusa petroli, huyu gongo, na wote hawajaota hata ndevu. Nikasema hapa sasa mmekuwa wodi. Lakini nitasema ukweli, nimeona watu wengi wakihangaika na vijana, wa serikali, wa dini, wa mashirika yenye magari mazuri, na sijaona waliofanya kazi kama wale wazee wenye masizi.

Walikuwa na utaratibu wao. Kila kijana alipewa mtu wake, aliyepita njia ile ile akatoka. Mtu wako hakuhubirii na wala hakutishi na jehanamu. Kila mnapokutana mnasalimiana, "Habari za kiu?" na mkubwa, yaani aliyetangulia kuacha, ndiye anayejibu kwanza, awe ameulizwa au ameuliza, na anajibu ukweli. Haruhusiwi kusema nzuri kama si nzuri. Kama imemshika anasema imenishika, ilianza wapi, na anataka kufanya nini. Ndipo mdogo naye anajibu. Lesikar ndiye aliyeweka sheria hiyo. Alisema mtoto hawezi kukuonyesha kidonda chake kama wewe chako umekifunika.

Siku moja mchungaji mmoja alipita kututembelea, akakaa, akasikiliza, uso ukambadilika. Akauliza, hivi si aibu mtu mzima kumwambia mtoto kwamba anatamani pombe? Lesikar akamjibu kwa upole sana, "Mchungaji, aibu sisi tulizimaliza zote zamani." Mchungaji alicheka mpaka chai ikamwagika.

Na kiu ikiwa kubwa, kijana na mtu wake walikuwa wanakwenda kwenye moto wa karakana. Jani la springi likishakuwa jekundu mmoja analishika kwa koleo na mwingine anapiga, au wanapiga wote kwa kupokezana, nyundo hii ikipanda ile inashuka. Chuma cha moto hakikuruhusu uweke nyundo chini uende mahali. Mpaka kipoe, kiu nayo mara nyingi imeshapungua, na springi ya mtu imekunjwa vizuri. Ludovick alikuwa anasema kwamba ulevi wa vijana wa Arusha ndio uliomwezesha kumaliza kazi kwa wakati. Huo ndio utani wake, ukizoea unacheka.

Efraimu aliletwa na mvua za El Nino. Barabara zilikuwa zimechimbika, springi zinakatika kama biskuti, na karakana ilikuwa na foleni ya magari mpaka barabarani. Pikapu moja ya kubeba ndizi ilitoka Kikatiti imeinama upande mmoja, na juu ya mikungu ya ndizi kulikuwa na kijana amelala, saa nne asubuhi, mdomo wazi, mvua inamnyeshea. Dereva akasema, "Achana naye huyo, Fundi. Ni utingo wangu. Bibi yake ndiye aliyeniomba nikae naye, shule walimfukuza kidato cha pili kwa ulevi. Gongo imeshamla."

Ludovick alipanda juu ya zile ndizi. Akamtikisa mpaka akafumbua macho, akamwambia, "Mimi kiu imenijia niliposikia harufu yako. Yako ikoje?"

Yule kijana akamtapikia viatu. Hiyo ndiyo salamu ya kwanza waliyosalimiana.

Jioni yake nikaambiwa atalala kwetu. Hapo nilipandisha mori. Nikasema, baba Nice, tuna vyumba viwili, tuna binti wa darasa la sita, na wewe unaniletea mlevi ndani? Akasema, kwani wewe hujawahi kuishi na mlevi? Nikamwambia yule nilikuwa nimeshamwapia kanisani, huyu sijamwapia. Akacheka, na mimi nikaenda kutafuta blanketi, kwa hasira, kwa sababu nilikuwa najua tangu mwanzo kwamba nitalitafuta.

Sitaki kusema alibadilika haraka. Alikuwa na miaka kumi na sita na mwongo kama wakala wa mabasi. Alitetemeka, akatapika, akalia, akapona kidogo, akanenepa. Nikaanza kumpenda. Halafu akaiba pasi yangu ya mkaa, nzito, ya mama yangu, akaenda kuiuza akanywea.

Tulijua alipo. Palikuwa na mama mmoja nyuma ya mashine ya kusaga aliyekuwa anauza gongo uani kwake. Ludovick akatoka na mimi nikamfuata, maana nilitaka pasi yangu na nilitaka kumtwanga mtu. Ilikuwa mchana wa jua kali. Alipofika kwenye lango la mabati hakuingia. Alisimama nje, mikono nyuma, akaita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Efraimu! Habari za kiu? Yangu mimi mbaya sana. Hapa niliposimama nainusa. Toka, mwanangu, nisije nikaingia."

Watu wakachungulia madirishani. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Mume wangu, fundi mwenye karakana yake, mzee wa kanisa mtarajiwa, anapiga kelele mchana kweupe kwamba anatamani gongo! Na halikuwa igizo. Nilimtazama shingoni, jasho lilikuwa linatiririka. Akaita tena. Kisha lango likafunguka na Efraimu akatoka, anapepesuka, macho mekundu, akamshika Ludovick mkono, akasema, "Twende, baba Nice. Usikae hapa."

Walirudi wameshikana, na ungewatazama kwa nyuma usingejua ni nani anayemwongoza mwenzake. Mimi nilibaki pale barabarani na hasira yangu yote haina pa kwenda. Miaka yote nilidhani mlevi anaokolewa kwa kuburutwa. Nilimburuta Ludovick mwenyewe kutoka baa nyingi sana, mgongo wangu unajua. Kumbe yeye alikuwa amempa yule kijana kazi, kazi ya kumwangalia yeye. Hakuna mtu aliyekuwa amemwamini Efraimu na kitu chochote kwa muda mrefu, hata na sufuria, na sasa alikuwa ameaminiwa na mtu mzima mzima. Siku ile nilimheshimu mume wangu kuliko siku nyingine yoyote tangu anioe, na nilimwambia hivyo, akaona aibu akaenda kuosha miguu.

Pasi sikuipata.

Baada ya hapo Efraimu aliteleza mara nyingine, halafu hakuteleza tena. Mabega yakatanuka kwa nyundo. Akawa anamsaidia Nice hesabu mezani, na mimi ananiita mama bila kujisahihisha. Mwaka ukazunguka. Siku moja wakati tunakula akasema anataka kurudi shule.

Ludovick akaweka kijiko chini. Tulifurahi, lakini tulielewa wote wawili kilichokuwa ndani ya neno hilo. Shule iliyokubali kumpokea ilikuwa kule kwao, juu ya Kikatiti, na bibi yake ndiye aliyekwenda kumwomba mkuu wa shule. Maana yake kijana atarudi kuishi kwa bibi. Na bibi yake, Bibi Elifuraha, alikuwa mpishi wa mbege, ile ya ndizi na ulezi, anayejulikana kote kwenye ule mteremko. Wameru wa pale walikuwa wanasema mbege ya wengine unakunywa, ya Elifuraha unaikumbuka. Amewalea watoto kwa mbege, amewasomesha kwa mbege, na baada ya mama yake Efraimu kufariki alimlea mjukuu katikati ya mapipa. Mtoto akilia anapewa kidogo alale. Asubuhi kabla ya shule anapewa kikombe cha machicha ya mbege, ashibe. Wala hakuwa mama mbaya. Kule kwao, na kwetu Kilimanjaro vilevile, mbege haihesabiwi pombe. Ni chakula.

"Gongo ilimkuta tayari," Ludovick aliniambia. "Ilimkuta mtu aliyeandaliwa. Akirudi mle ndani, mama Nice, sijui."

"Basi mwambie asirudi."

"Mtoto wa watu? Nimzuie shule? Nimzuie kwa bibi yake?"

Alikuwa na hofu, na ilikuwa hofu ya kweli, ya mtu anayejua njia. Kijana aliyeng'olewa kwenye mdomo wa kaburi alikuwa anakwenda kuwekwa ukingoni tena, na safari hii kwa mapenzi yote. Hatukuwa na neno la kumwambia bibi. Utamwambiaje mtu kwamba chakula alicholelea ukoo ndicho kinachomwua mjukuu wake?

Kabla ya Krismasi bibi akatutumia ujumbe kwa mkono wa dereva wa pikapu. Anatualika Jumapili baada ya ibada, tumpeleke mtoto nyumbani, na ukoo upate kumshukuru aliyemrudisha.

Tulishuka Kikatiti barabarani tukapanda kwa miguu, mimi, Ludovick na Efraimu. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya migomba inateleza, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani kwa ujinga wangu. Tuliisikia harufu kabla hatujaiona nyumba. Harufu ya ndizi zilizoiva zikachemshwa, na ulezi ulioota, na ule uchachu wa siku ya mwisho, mbege imefika penyewe. Hata mimi ambaye sina habari na pombe mdomo ulijaa mate. Nikahisi mkono umeingia kwenye mkono wangu. Ludovick hajanishika mkono mbele ya watu tangu siku ya picha ya harusi. Nami nilimshika.

Uani kulikuwa na ukoo mzima, wazee kwenye mabenchi, mwinjilisti wao na Biblia yake, akina mama na vitenge vipya. Bibi Elifuraha alitoka mlangoni akamkumbatia mjukuu wake, akamsukuma kidogo amtazame, akamvuta tena. Alikuwa mwanamke mdogo, mweusi tii, mwenye mikono mikubwa ya kazi. Alitusalimu, tukamwamkia, akatukalisha mbele. Tukala nyama, tukala ndizi, mwinjilisti akaomba. Halafu bibi akaingia ndani akatoka na kata.

Inabidi nieleze kata kwa asiyejua. Ni kibuyu cha kunywea, chenye mkono wake, na kwa watu wetu wa migombani hakuna jambo kubwa linalokwisha bila kata ya mbege. Mwenye nyumba anaonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Kisha anampa mgeni, na mgeni anapokea na kunywa. Kata ya shukrani ndiyo nzito kuliko zote. Ukiikataa hujakataa kinywaji, umesema bado una neno moyoni na mwenye nyumba, kwamba ulichomtendea hukumtendea kwa wema. Ludovick ni Mchaga aliyelelewa kimila. Hayo alikuwa anayajua kabla hajajua kusoma.

"Mbege hii sijamwachia mtu," Bibi Elifuraha alisema mbele ya wote. "Ndizi nimechagua mwenyewe, ulezi nimeuotesha mwenyewe, kuni nimepasua mwenyewe. Mjukuu wangu alikuwa amekufa. Baba Nice, umenirudishia. Sina kitu kikubwa kuliko hiki ninachojua kufanya."

Akaonja, akafuta mdomo, akainyoosha kata kwa mikono miwili.

Ludovick akasimama. "Mama," akasema, "asante. Lakini mimi pombe niliacha."

Bibi akacheka, na uani wote wakacheka, kicheko cha upendo. "Nani amesema pombe? Pombe ni ile gongo yenu ya mjini iliyotaka kuniulia mtoto. Hii ni mbege, mwanangu. Ni chakula. Huyu nimemlea kwayo."

Na akaiweka kata mikononi mwake.

Ludovick aliipokea. Mikono ile ilifundishwa kupokea. Akabaki ameishika, povu linapasuka polepole juu yake. Watu walikuwa wanasubiri wakitabasamu. Nikafikiria kumnyang'anya. Mke kumpokonya mume kata ya shukrani mbele ya wazee wa watu, hilo lingesimuliwa mpaka kwa wajukuu wangu. Nikasema potelea mbali, wasimulie, nikaanza kuinuka.

Efraimu akaniwahi. Alikuwa amekaa na vijana wenzake, akasimama.

"Baba Nice," akasema. "Habari za kiu?"

Hakuna aliyeelewa ila sisi watatu. Lakini wote waligeuka kumtazama mume wangu. Angeweza kusema nzuri. Angesema nzuri, akanywa funda moja la heshima, watu wakapiga makofi, na mambo yakaisha. Yeye ndiye mgeni wa heshima. Yeye ndiye mwokozi wa mtoto, amevaa koti, na uani kuna mwinjilisti. Nilimwona akilitafuta lile neno jepesi.

"Mbaya," akasema Ludovick. "Mbaya kuliko siku zote tangu niache. Nikinywa hii funda moja, Efraimu, mimi leo sirudi nyumbani. Mkono wangu hautaki kuirudisha."

Alisema hivyo mbele ya wazee wa watu, kwa sauti ya kawaida, machozi yanamtoka.

"Yangu pia mbaya," Efraimu akasema. "Imenishika tangu kule chini kwenye migomba ya kwanza. Ningelala hapa leo, usiku ningekwenda kwenye pipa."

Akatembea mpaka mbele, akaichukua kata mikononi mwa Ludovick kwa mikono yake miwili. Kata ilikuwa imefika usawa wa kifua chake, karibu na mdomo kuliko ninavyopenda kukumbuka, naye akaitazama. Halafu akageuka akanipa mimi. "Shika, mama." Akapiga goti mbele ya bibi yake. "Bibi, shikamoo. Nisamehe. Nakupenda, lakini hapa siwezi kukaa." Akamshika Ludovick kiwiko, wakaondoka, wakashuka kwenye ile njia ya matope wameegemeana kama siku ile ya lango la mabati.

Nikabaki mimi. Nimesimama katikati ya ukoo wa watu, viatu vimejaa matope, na kata ya shukrani imejaa mkononi. Mzee mmoja alikuwa ameshaanza kunguruma kwa Kimeru, na sikuhitaji mkalimani. Nikaona hii kazi ni yangu. Nikasema, "Wazee wangu, shikamooni. Mimi na baba Nice ni mwili mmoja, Mchungaji alitutangazia. Shukrani yenu imepokelewa." Nikainua kata, nikainywa yote bila kupumua.

Walipiga makofi, wengine kwa kusitasita. Na ilikuwa mbege nzuri, sitaisingizia. Lakini Bibi Elifuraha hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama ile njia. Akaniuliza bila kugeuka:

"Kwa hiyo hata hii?"

"Hata hii, mama."

"Nimemlea kwayo," akasema. Mara ya kwanza alikuwa ameisema akicheka. Nilitaka kumshika bega, nikakosa ujasiri.

Nyumbani nilimkuta Ludovick karakanani, Jumapili, moto umewaka, yeye na Efraimu wanapiga chuma ambacho hakikuwa cha mteja yeyote. Kesho yake aliniambia ameharibu kila kitu. Bibi amedhalilishwa mbele ya watu wake, mtoto hana pa kukaa akisoma, na shule inafunguliwa Januari. Efraimu naye hakula siku nzima. Alikuwa ameikataa nyumba pekee ya kwao duniani, na asingeweza kuirudia bila kufa, wala kuiacha bila kuvunjika. Nilipika, nikabembeleza, nikagomba, hakuna kilichosaidia.

Jumamosi wamekaa kikundi chote, Lesikar ndiye anayeongea, mlangoni kikaingia kivuli. Bibi Elifuraha. Ameteremka kwa basi peke yake, kitenge kile kile, kikapu kichwani. Vijana wakasimama wakamwamkia. Hakuitikia vizuri. Alitua kikapu, akatoa chupa kubwa ya chai, akatoa na kata. Ilikuwa mpya, ya manjano, haijapata hata rangi.

"Hii haijawahi kuijua mbege," akamwambia Ludovick. "Kibuyu nimekitafuta mpaka nimekipata. Na huu ni uji. Ulezi ule ule, sikuuotesha." Akamimina. Akaonja kwanza, kama inavyotakiwa. Kisha akamnyooshea, na uji ukamwagika kwenye mkono wake, ukamwagika chini, kwa sababu ile mikono mikubwa ilikuwa inatetemeka.

Ludovick alipokea haraka, akanywa, yote. Nilimwona anavyoitazama ile mikono. Mle ndani hakukuwa na mtu ambaye hakuijua mitetemeko hiyo. Lesikar aliinamisha kichwa.

Lakini ni Efraimu aliyesogea. Akasimama mbele ya bibi yake, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa hapo, akatangulia kujibu.

"Yangu leo ya wastani, bibi. Yako ikoje?"

Bibi Elifuraha akacheka kidogo, kicheko kikakatika. "Mimi ni mpishi tu," akasema. "Naonja. Tangu msichana naonja, asubuhi na jioni, lazima mtu aonje." Akafuta uji mkononi kwa kitenge. "Mliposhuka ile Jumapili nilikasirika. Nikasema hawa wa mjini wanatukana chakula changu. Nikasema sionji tena mpaka nimwonyeshe huyu fundi kwamba ni chakula. Pipa nikaligeuza kinywa chini." Akainua mikono yake akaitazama, kama mtu anayeonyeshwa kitu cha jirani. "Silali. Jasho linanitoka. Nikipita karibu na pipa tupu natamani kulilamba. Mjukuu wangu, chakula hakimfanyi mtu hivi."

Mimi nikaliweka birika chini. Ludovick alifungua mdomo aseme neno, Lesikar akamgusa goti asiseme.

Efraimu akasogeza benchi kwa mguu, akamshika bibi yake mikono yote miwili, akamkalisha karibu na moto.

"Kaa hapa, bibi," akasema. "Mtu wako ni mimi."